Nani Hupumzika Siku ya Baharini

Kwenye ratiba ya meli za kitalii huwa kuna siku ambayo meli haitii nanga popote. Kuanzia alfajiri hadi usiku ni maji tu, kushoto na kulia. Huitwa siku ya baharini. Ukitazama video ambazo watu hupachika mitandaoni, siku hiyo ina sura moja: kiti cha kulalia kando ya bwawa la kuogelea, glasi yenye mwavuli mdogo wa karatasi, miguu ya mwenye simu, na mbele ya miguu hiyo bahari ya buluu isiyokuwa na mwisho. Hakuna mji wa kushuka kuuona. Unakula, unalala, unaamka, unakula tena.

Video hizo nimezitazama nyingi, usiku wa manane, wakati ambao ningepaswa kuwa namalizia kibarua cha mtu. Swali lililonikaa kichwani si bei. Ni hili: ni nani aliyewaza kwamba kukaa katikati ya bahari bila kufanya kitu ni starehe, tena starehe ya kulipiwa? Maana kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu, siku ya baharini ilikuwa siku ya kuvumilia. Uliomba tu iishe, ufike ukiwa hai. Nilipoanza kufuatilia jibu, nilidhani litaniweka Ulaya na Miami. Kumbe lilinirudisha hapa kwetu, kwenye maji yaliyo kati ya Aden na Mombasa, tena mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Meli iliyokuwa ikikaa bure

Tarehe 22 Januari 1891, meli iitwayo Augusta Victoria iliondoka Cuxhaven, Ujerumani, ikiwa na abiria 241. Ilikuwa mali ya kampuni ya HAPAG ya Hamburg, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuvusha watu kwenda New York. Tatizo lilikuwa majira ya baridi. Miezi hiyo Atlantiki huwa na mawimbi makali na baridi ya kukata mifupa, na wenye pesa walikuwa hawasafiri. Meli ilikaa bandarini ikila gharama. Mkubwa mmoja wa kampuni hiyo, Albert Ballin, akapiga hesabu ya mfanyabiashara: kama watu hawataki kwenda New York, basi tuwapeleke kwenye jua. Meli ikazunguka Mediterania kwa karibu miezi miwili kisha ikarudi palepale ilipotoka. Ballin mwenyewe alikuwemo.

Hakuwa wa kwanza kabisa. Mwaka 1844 kampuni ya P&O ilimpa mwandishi Thackeray safari ya bure ya Mediterania ili aandike kuihusu, jambo ambalo siku hizi tungesema ni la mainfluensa. Mwaka 1867 Mark Twain alipanda Quaker City pamoja na Wamarekani wenzake kwenda kutalii Ulaya na Nchi Takatifu. Lakini kwa Ballin kuna kitu kinachoonekana wazi zaidi. Starehe ya baharini haikuzaliwa na mtu aliyependa bahari. Ilizaliwa na meli iliyokosa shughuli.

Kuna jambo lingine kuhusu Ballin. Alikulia katika biashara ya wahamiaji. Baba yake alikuwa na ofisi Hamburg iliyokuwa ikiwatafutia nafasi melini watu maskini wa Ulaya waliokuwa wakikimbilia Marekani. Hao ndio waliojaza pesa mifuko ya makampuni ya meli wakati ule: maelfu kwa maelfu waliosafiri ngazi ya chini, kwenye vitanda vilivyopangwa kama rafu za duka, hewa nzito, watoto wakitapika. Kampuni ni moja, bahari ni moja. Tofauti ni ngazi uliyolala.

Mwaka 1900 HAPAG ilishusha majini Prinzessin Victoria Luise, meli iliyojengwa kwa ajili ya starehe tu. Haikuwa na nafasi ya wahamiaji. Wote walikuwa wa daraja la kwanza. Desemba 1906 ilipanda miamba huko Jamaika, abiria wakaokolewa wote, na nahodha akaingia kabini mwake akajipiga risasi. Wazo lenyewe, hata hivyo, halikuzama. Bahari ilikuwa tayari imegawanywa: kuna wanaovuka, kuna wanaostarehe, na kuna wanaofanya kazi ili wengine wastarehe.

Kaskazi, kusi, na mwenye meli

Pwani yetu ilikuwa na kalenda yake ya bahari kabla ya haya yote. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwezi wa Desemba hivi, majahazi yaliteremka kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ilipoanza, kuanzia Aprili, yakarudi. Katikati, watu walingoja. Walikaa Lamu, Mombasa, Unguja, wakauza tende na mazulia, wakanunua boriti za mikoko, wakaoa, wakafanya deni. Mapumziko ya baharia yalikuwa nchi kavu, na aliyeyapanga ni upepo. Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alisafiri mwaka 1938 na 1939 na jahazi la Kuwait lililokuwa chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, likapita pwani yetu hadi delta ya Rufiji kutafuta boriti. Humo abiria, mizigo na mabaharia walikaa sitaha moja. Siku ya baharini ilikuwa ya kushona tanga, kuswali, kupika, kupiga soga.

Sitaki kupamba mambo. Majahazi ya bahari hiyohiyo yaliwahi kubeba watumwa, na kwa mtumwa kukaa sitaha moja na nahodha hakukumaanisha lolote. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeuza tikiti ya kutofanya kitu.

Kisha ukaja mvuke. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872, kampuni ya British India Steam Navigation, iliyoanzishwa na Mskoti William Mackinnon, ilipata mkataba wa serikali ya Uingereza wa kupeleka barua kwa meli kati ya Aden na Zanzibar. Meli hazikungoja tena kaskazi. Na Mackinnon huyu si mtu wa kupita tu kwenye hadithi yetu. Mwaka 1888 ndiye aliyekuwa mkuu wa Imperial British East Africa Company, ile kampuni iliyopewa mamlaka ya kutawala eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya. Yaani kabla hatujatangazwa himaya ya Uingereza mwaka 1895, tulikuwa mikononi mwa kampuni ya mwenye meli.

Meli hizo zilikuwa na ngazi kama jengo la mjini. Juu kabisa, kabini za maofisa na walowezi, chakula cha mezani na viti vya kujinyoosha kivulini. Chini yao, daraja la pili. Kisha abiria wa sitaha: Wahindi wa Gujarat na Punjab, wafanyabiashara wadogo, mafundi, wake waliokuwa wakifuata waume. Hawa walitandika mikeka yao, wakazungushia masanduku na sufuria kama ukuta, na pale ndipo palikuwa nyumbani hadi Mombasa. Baadhi ya vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India kujenga reli ya Uganda kuanzia 1896 walivuka hivyo. Karibu 2,500 kati yao hawakurudi kwao, walikufa kazini.

Na chini ya wote, pasipofika mwanga, ndipo palipokuwa na moto. Injini ya mvuke hula makaa ya mawe usiku na mchana, na kuna mtu anayeilisha kwa koleo. Kwenye Bahari ya Shamu, ambako hata juu ya sitaha watu walikuwa wakizimia kwa joto, humo chini palikuwa jehanamu. Kazi hiyo walipewa Wasomali, Wayemeni wa Aden, Wahindi, na pia Waafrika wa pwani yetu, ambao Waingereza waliwaandika kwenye vitabu vyao kwa jina la "seedies." Wengi wa Wasomali na Wayemeni hao waliishia kuweka makazi Cardiff na South Shields, miji ya bandari ya Uingereza. Mwaka 1919 magenge ya wazungu yaliwavamia watu weusi na Waarabu wa miji hiyo, yakiwashutumu kwamba wanachukua kazi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo ya koleo na moto.

Kwa hiyo ukiona picha ya zamani ya bibi mwenye kofia pana akisoma kitabu kwenye sitaha, upepo ukimpepea, kumbuka upepo ule ni mwendo wa meli, na mwendo wa meli una mtu aliyevua shati chini yake.

Si kila mwenye tikiti alikuwa akipumzika pia. Februari 1929, Johnstone Kenyatta, katibu wa Kikuyu Central Association, aliondoka Mombasa kwa meli akipeleka London malalamiko ya ardhi. Alirudi, akaenda tena 1931, na safari hiyo ya pili ilimweka huko miaka 15. Aliposhuka Mombasa Septemba 1946, alikuwa Jomo. Majuma yale ya baharini lazima yalikuwa na saa nyingi za kukaa tu na kutazama maji. Lakini kukaa tu si kupumzika. Muulize yeyote aliyengoja majibu ya kazi.

Jumamosi alasiri

Kuna siku moja ya baharini ambayo sikuwahi kufundishwa, si shule ya msingi, si sekondari, wala katika ile mihula michache niliyokaa chuo kikuu kabla ya kuacha. Nimeisoma peke yangu na hainitoki.

Khedive Ismail ilikuwa meli ya abiria. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikauzwa kwa Wamisri, na vita vilipokuja Waingereza wakaigeuza kuwa meli ya kubeba wanajeshi. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Kilindini katika msafara wa kwenda Colombo, Ceylon. Ilibeba watu 1,511. Karibu elfu moja walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha East African Artillery: vijana wa huku kwetu pamoja na maofisa wao, wakielekea kwenye vita dhidi ya Japani. Walikuwemo pia wanamaji wa Uingereza, wahudumu wa meli, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi.

Februari 12 ilikuwa Jumamosi. Chakula cha mchana kilikuwa kimeliwa. Meli ilikuwa karibu na visiwa vya Maldives, bahari imetulia. Ukumbini kulikuwa na tamasha ndogo ya muziki, watu wameketi wanasikiliza. Wengine walikuwa juu wakiota jua. Ungeipiga picha saa nane hivi za mchana, ungeipachika leo mtandaoni na hakuna ambaye angeuliza swali: ni siku ya baharini kama nyingine.

Kisha nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga topido mbili. Khedive Ismail ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Dakika tatu hazikutoshi kutoka ghorofa ya nne ya ploti yenu hadi getini ukiwa na mtoto mgongoni. Aliyekuwa ukumbini alikuwa ukumbini. Aliyekuwa sitaha za chini, ambako vikosi vililala, alikuwa na ngazi ngapi za kupanda, na watu wangapi mbele yake?

Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, ziliisaka nyambizi hiyo. Ilikuwa imejificha chini, karibu na mahali ambapo manusura walikuwa wakielea. Mabomu ya kulipuka chini ya maji yakatupwa hapohapo, watu wakiwa bado majini. I-27 ilizamishwa. Kati ya watu 1,511, waliokufa ni 1,297. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake 6.

Naileta habari hii katika insha ya starehe kwa sababu moja. Meli ya abiria ni meli ileile. Ukumbi wa muziki ni uleule. Kinachobadilika ni nani amewekwa ngazi ipi, na swali la nani yuko juu na nani yuko chini, ambalo siku ya kawaida ni swali la upepo na mandhari, siku nyingine huwa swali la uhai. Mwaka 1994, Aprili 29, feri ilipopinduka Mtongwe na kuua watu 272, walikuwa ni watu waliokuwa wanavuka tu. Kwetu wengi bahari imekuwa kitu cha kuvuka. Kuifanya mahali pa kulala mchana ni fursa ambayo historia iliigawa kwa uchoyo.

Meli iliyoitwa Kenya

Baada ya vita, British India iliagiza meli mbili mpya Glasgow kwa ajili ya njia ya London hadi Afrika Mashariki. Moja ilianza kazi 1951, ikaitwa Kenya. Dada yake akaanza Agosti 1952, akaitwa Uganda. Zilikuwa meli nzuri, nyeupe na safi, zenye nafasi ya abiria karibu 300 kila moja. Njia ilikuwa Gibraltar, Port Said, Suez, Aden, kisha Mombasa, na kuendelea kusini hadi Zanzibar, Dar es Salaam na mbele.

Wakati huo kampuni zilikuwa zimeshajifunza kutoka kwa akina Ballin kwamba siku tupu inahitaji kujazwa. Kulikuwa na michezo ya kutupa pete za kamba, kusukuma visahani kwa fimbo ndefu, dansi ya jioni, mashindano ya mavazi. Na kulikuwa na sherehe ya ikweta. Ikweta hukata pwani ya Somalia karibu na Kismayu, na kutoka hapo hadi Mombasa ni kama maili 300 za baharini. Kwa meli ya mwendo wa maili 16 kwa saa, ni saa 19 hivi. Kwa hiyo kabla tu ya kufika kwetu, mtu alivikwa ndevu za bandia na taji akawa Neptune, mfalme wa bahari wa Warumi, na waliovuka ikweta kwa mara ya kwanza wakapakwa povu la sabuni na kutumbukizwa bwawani. Watu wakicheka na nguo zikitiririka maji, kesho yake wakashuka Kilindini kwenda kutawala.

Hapakuwa na haja ya bango kusema meli iitwayo Kenya si ya Mkenya mweusi kujinyoosha juu yake. Nauli ilitosha kusema. Na tazama tarehe. Uganda ilianza safari zake Agosti 1952. Oktoba 20 mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Baadhi ya waliokamatwa walipelekwa kuzuiliwa kwenye kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu, kisiwa ambacho leo kina hoteli za kifahari na viti vya kulalia ufuoni. Mwaka mmoja, bahari moja: mmoja alikuwa akielekea kwenye kazi na shamba alilopewa, mwingine akilindwa na askari kisiwani.

Kilichoua njia hiyo hakikuwa uhuru. Ilikuwa ndege. Mwaka 1958 ndege za jeti zilianza kuvusha abiria Atlantiki, na punde safari ya majuma matatu kutoka London hadi Nairobi ikawa ya usiku mmoja. Juni 1967 vita vya Waarabu na Israeli vikafunga Suez, na mfereji haukufunguliwa tena hadi 1975. Meli ya Kenya ikauzwa kama chuma chakavu mwaka 1969. Dada yake akapata maisha ya pili: Uganda ilifanyiwa ukarabati ikawa meli ya safari za wanafunzi, na mabweni ya watoto karibu 900 pamoja na madarasa. Mwaka 1982 ikageuzwa tena, mara hii kuwa hospitali ya Waingereza kwenye vita vya Falklands. Mwaka 1986 ikapelekwa Taiwan kuvunjwavunjwa. Kwa miaka 18 hivi ya mwisho, chombo kilichojengwa kupeleka watawala Afrika hakikuwa tena na sababu ya kufika Afrika. Kilizunguka tu.

Siku nzito kuliko zote

Hapo ndipo siku ya baharini tunayoiona kwenye simu ilipopatikana. Ndege iliinyang'anya meli kazi ya kufikisha watu. Ikabaki na kitu kimoja tu cha kuuza: muda wa katikati, ule ambao zamani uliombwa uishe. Mwaka 1966 meli Sunward ilianza kuzungusha watu kutoka Miami, biashara ya Mnorwe Knut Kloster na Ted Arison. Walikosana, na mwaka 1972 Arison akaanzisha Carnival kwa meli kuukuu iitwayo Mardi Gras, ambayo katika safari yake ya kwanza ilikwama mchangani mbele ya Miami, abiria wakiwa ndani. Mwaka 1977 runinga ya Marekani ikaanza kuonyesha The Love Boat, na wazo likaingia sebuleni kwa kila mtu. Januari 2024 Icon of the Seas ilianza kazi: urefu wa mita 365, nafasi ya abiria hadi 7,600, wafanyakazi 2,350. Mahali pa kwenda pamekuwa kisingizio. Meli ndiyo mahali penyewe.

Lakini nani analipwa nini humo ndani? Fuata bendera. Mwaka 1922, Marekani ikiwa imepiga marufuku pombe, wenye meli mbili za abiria, Reliance na Resolute, walizihamishia usajili Panama ili waendelee kuuza vinywaji. Ilianza na pombe. Baadaye wenye meli wengine wakagundua kwamba ukikodi bendera ya nchi nyingine, unakodi pia sheria zake za kodi na za kazi. Leo meli nyingi zinazojazwa na Wamarekani huko Florida zimesajiliwa Bahamas, Panama au kwingineko.

Na wafanyakazi? Wanatoka Ufilipino, India, Indonesia, na siku hizi kutoka kwetu pia. Ukikaa Mombasa utasikia kijana akisema anangoja kuitwa melini kwa sauti ileile ambayo mwingine husema anangoja viza. Dada mmoja tuliyewahi kuishi jirani alifanya kazi miezi tisa kwenye sehemu ya dobi ya meli moja kubwa. Nilimuuliza kuhusu siku ya baharini, nikitarajia aniambie habari za upepo na pomboo. Akacheka. "Hiyo ndiyo siku nzito kuliko zote," akaniambia. Siku ya bandari wageni hushuka, meli inapungua, unaweza kuiba saa moja ukalala. Siku ya baharini wote wako ndani. Wote wanakula ndani, mara tano, mara sita. Taulo za bwawa zinakuja kwa matoroli. Kabini yake ilikuwa chini ya usawa wa maji, haina dirisha. Kuna juma, alisema, alijua kuna jua kwa sababu ya harufu ya mafuta ya ngozi kwenye taulo.

Simuhurumii, na hata yeye hataki huruma. Pesa zile zilimjengea mama yake choo cha ndani na kusomesha mdogo wake. Angeitwa tena, angeenda. Ila jibu lake lilinipa kipimo nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo. Siku ambayo mgeni anapumzika zaidi ndiyo siku ambayo mfanyakazi hapumziki kabisa. Si kwa bahati mbaya. Ni mizani moja: upande huu ukipanda, ule unashuka.

Ipo sheria. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unasema siku ya kawaida ya baharia ni saa nane, na siku moja ya mapumziko kwa juma. Hiyo ndiyo lugha ya juu. Ukishuka kwenye mipaka yenyewe, nchi inaweza kuchagua kipimo cha mapumziko: yasipungue saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Piga hesabu. Juma lina saa 168. Ukitoa 77 zinabaki 91. Ni saa 13 za kazi kila siku, siku saba, na hakuna sheria iliyovunjwa. Zile saa 10 zinaweza hata kugawanywa mara mbili. Nchi kavu hapa Kenya, sheria ya ajira inakupa angalau siku moja kamili ya kupumzika kati ya saba.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Melini wamepanga vizuri zaidi: mwenye shibe hakutani naye. Kuna ngazi za wafanyakazi na ngazi za wageni, korido za huku na za kule, milango iliyopakwa rangi ya ukuta. Kwenye meli za Mackinnon angalau moshi wa makaa ulipanda juu ukakumbusha watu kwamba chini kuna mtu.

Mimi sisemi watu wasipande meli. Kupumzika ni haki, na sisi vijana tunaoishi kwa vibarua tunaijua thamani yake maana hatuna ratiba inayotugawia. Ninachosema ni kwamba mapumziko ya baharini hayakuwahi kuwa zawadi ya bahari. Tangu enzi za koleo yamekuwa yakitolewa kwenye mwili wa mtu fulani, na mara nyingi mno mtu huyo ametoka upande wetu wa maji.

Meli za kitalii hutia nanga Kilindini pia, msimu ukifika. Wageni hushuka, wakapokewa kwa ngoma, wakapakiwa kwenye mabasi kwenda Fort Jesus na Mji wa Kale. Mchana kutwa meli husimama gatini kama jengo lililohamia usiku. Na humo ndani, chini ya usawa wa maji, kwenye kabini isiyokuwa na dirisha, huenda kuna kijana wa Kisauni au Likoni, mwendo wa matatu moja tu kutoka kwa mama yake, ambaye zamu yake imeisha na ana saa nne kabla ya nyingine. Anaweza kushuka akaone nyumbani. Lakini kesho ni siku ya baharini, na amechoka. Analala.